Niulizeni Mimi Ninachotaka Kula

Watu wa nyumbani wakijua naishi Kampala, huuliza kama viziwi wa huku wana nafuu kuliko sisi wa Tanzania. Kwa sheria na historia, naona wametutangulia. Katiba ya Uganda ya 1995 iliitaka serikali iendeleze lugha ya alama, wakati ambapo katiba nyingi duniani hazikuitaja kabisa. Mwaka uliofuata Alex Ndeezi, ambaye ni kiziwi, akaingia Bungeni. Chama chao, UNAD, kipo tangu 1973, na Chuo Kikuu cha Kyambogo kinafundisha wakalimani. Sisi Sheria ya Watu Wenye Ulemavu tuliipata 2010. Lakini mimi nchi naipima saa saba mchana, nikiwa na njaa. Saa hiyo naona nyumbani ni rahisi kula, na huku ni rahisi kudai. Nataka vyote viwili, kotekote.

Nieleze hali yangu, maana viziwi hatufanani. Usikivu wangu uliondoka na homa ya uti wa mgongo nikiwa shule ya msingi, kwa hiyo kuzungumza nazungumza, na Kiswahili changu ni cha Iringa. Hapo ndipo shida inapoanzia. Mtu akisikia nimeongea, anaamini nasikia. Nikisema naomba wali na samaki, ananijibu mbio huku ameshageukia jikoni: pengine samaki wameisha, pengine wali haujaiva. Mimi nimeona kisogo tu.

Kampala inaongeza lake. Nikikaa kimya, mhudumu anadhani ni lugha. Anaanza na Luganda, anahamia Kiingereza, akishajua mimi ni Mtanzania anatafuta maneno yake machache ya Kiswahili, na kila akibadilisha anapaza sauti. Nikimwandikia kwenye simu, naye anampelekea mwenzake asome, kwa sababu Kiswahili ninachoandika hakisomi vizuri. Baraza la Mawaziri la hapa liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2022, ila mpaka kifike kwa msichana anayebeba sahani Wandegeya bado kuna safari. Midomo ya Kiswahili naisoma kiasi, ya Luganda inanishinda. Na hata hiyo ya Kiswahili ina mitego. Simama mbele ya kioo useme "sita", kisha "tisa", bila sauti. Midomo haitofautiani, kazi yote inafanywa na ulimi ndani. Kwa hiyo nikiambiwa bei kwa mdomo sijui kama natakiwa kutoa shilingi elfu sita au elfu tisa, na tofauti hiyo ni sahani nyingine ya maharage. Naomba waniandikie kwenye kikokotoo cha simu. Wapo wanaofanya hivyo papo hapo kwa roho safi, na wapo wanaoona nawachelewesha.

Nyumbani kwa mama ntilie sikuwa nahitaji hata kufungua mdomo. Masufuria yamepangwa mbele yako: wali, maharage, mchicha, dagaa, nyama. Mama anafunua mfuniko, anainua nyusi, unatikisa kichwa au unakubali. Kisha anashika upawa juu ya wali na kuuinamisha kidogo kidogo huku akikuangalia usoni, mpaka umwoneshe kwa kiganja kwamba mchuzi unatosha. Hakuna aliyemfundisha. Anauza kwa macho kwa sababu chakula chenyewe kiko wazi.

Chakula cha mchana cha Kampala hakioneshi sura yake. Hapa unachagua sosi, yaani nyama, samaki, maharage au karanga, na "chakula" kinakuja mchanganyiko: matoke, wali, posho (ugali wa huku), kiazi kitamu, kipande cha boga. Matoke yamefunikwa kwa majani ya mgomba yabaki ya moto, huko nyuma jikoni. Luwombo ndiyo kabisa. Kila kifurushi kimefungwa kwenye jani lake, cha kuku na cha nyama vinafanana, ninyooshee kidole kipi? Orodha ya vilivyopo iko kichwani mwa mhudumu, naye anaitoa kwa mdomo, haraka, akiwa amesimama ubavuni kwako. Nakipenda chakula cha Waganda, sosi ya karanga sitaiacha hata nikirudi Iringa. Nachosema ni kwamba utaratibu mzima umejengwa juu ya sikio.

Ndiyo maana viziwi wengi ninaowafahamu huku ni wateja wa rolex, yaani chapati iliyokunjwa na mayai ndani. Yule kijana yuko barabarani na kikaango chake, mayai unayaona, nyanya unaziona, kabichi unaiona. Vidole viwili ni mayai mawili. Pilipili unaionesha au unaikataa kwa mkono, na chapati inakunjwa mbele ya macho yako. Lakini mtu hawezi kula rolex kila siku kwa sababu tu ndiyo inayoagizika.

Mahali ninapokula kwa raha ni kazini. Nashona kwenye jengo la biashara karibu na soko la Owino. Kuna mama anayepita asubuhi duka kwa duka kuchukua oda, mchana analeta sahani zimefunikwa. Mwanzoni, kama nimeinamia cherehani wakati anapita, mchana wangu umekwisha, kwa sababu oda zilikuwa zinapigiwa kelele tu kutoka kila kona. Tukakubaliana. Sasa akifika kwangu anagonga meza ya cherehani kwa kiganja, mtikisiko unanifikia kabla sijainua macho. Pembe mbili kichwani ni nyama. Kiganja kinachoyumba ni samaki. Kidole gumba kikisugua cha shahada, kama anayemenya, ni karanga. Akipangusa viganja, hicho leo hakuna. Mafundi wenzangu wanaosikia nao wamezichukua alama hizo, maana mashine zote zikiwa zinakwenda hawasikilizani vizuri. Mama yule hakuhudhuria semina yoyote. Alitaka mteja wake ale.

Sasa niseme linaloniuma, na hili lipo Kampala na lipo nyumbani. Nikienda na mtu anayesikia, anaulizwa yeye. Niliwahi kumpeleka binti wa wifi yangu, mtoto wa shule ya msingi, kwenye mgahawa mmoja mzuri wa katikati ya mji. Mhudumu alipogundua sisikii, alimpa mtoto menyu na kumuuliza shangazi yako anakula nini. Mimi ndiye niliyebeba pochi. Nyumbani kuna sura yake nyingine: mama mwenye moyo mwema anakataa hela yangu kwa sababu mimi ni kiziwi, na watu mezani wananitazama kwa huruma. Najua hana nia mbaya. Lakini mimi nina kazi, nina hela, na kulipia chakula changu ni heshima yangu. Naomba iachwe kwangu.

Hapa ndipo rafiki zangu viziwi wa Uganda walinifundisha kitu. Wao wakiingia mahali hawajikunyati pembeni. Wanachagua meza yenye mwanga, maana gizani lugha ya alama haipo. Taa ikiwa hafifu wanaomba iwashwe nyingine. Mhudumu akimgeukia anayesikia, wanagonga meza taratibu na kuchukua menyu wenyewe. Na wakikosewa oda wanaandika, wanamwita meneja, wanasubiri mpaka sahani ibadilishwe. Nilikulia mahali ambapo kiziwi akiletewa kisicho chake alikula na kushukuru. Sitaki tena kula hivyo, na ningependa viziwi wenzangu wa Iringa, wa Mbeya na wa Dar wasile hivyo.

Lakini na Uganda ije ijifunze kwetu. Iringa mjini kuna mgahawa wa Neema Crafts, kituo kilichoanzishwa 2003 chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana. Wahudumu wake ni viziwi, na mteja anaandika oda yake kwenye karatasi. Ukikaa pale unaona watu wanaosikia, watalii na wenyeji, wakitafuta macho ya mhudumu kabla ya kuomba chochote. Wanaweza, na wanafanya hivyo bila kulalamika. Basi sioni kwa nini kwingine ishindikane.

Ninachoomba si gharama. Ubao na chaki: vilivyopo leo na bei yake, na kilichoisha kifutwe, kwa sababu menyu nyingi za kuchapishwa zimejaa vyakula ambavyo havijapikwa. Hata anayesikia atanufaika. Wanaoleta vyakula kwa pikipiki nao waandike ujumbe. Nikiagiza kwa simu naandika wazi kwamba mimi ni kiziwi, na bado kijana anapiga, anapiga, kisha anaondoka na chakula changu akiwa mita chache kutoka mlangoni.

Kwa mhudumu mwenyewe, kazi iwekwe chuoni. Jinja kuna chuo cha serikali cha hoteli na utalii, na sisi tuna Chuo cha Taifa cha Utalii. UNAD huku na CHAVITA, chama chetu cha viziwi nyumbani, wapeleke ombi kwamba somo la huduma kwa wateja liwe na saa za lugha ya alama: namba, vyakula vya kawaida, "kimeisha", "subiri", "shilingi ngapi". Mkufunzi wa saa hizo awe kiziwi, na alipwe sawa na wakufunzi wengine.