Mahamri ya Saa Nane za Usiku

Shangazi yangu auza mahamri na mbaazi Mji wa Kale, Mombasa. Wateja walikuwa hawamwachi apumue: mkono mmoja mwiko, mmoja simu, "yameiva?" Nikamtengenezea programu ya kuwatumia meseji wote 38: "Mahamri tayari, yangali moto. Njoo." Akaniambia, itume saa mbili.

Nikaandika saa = 2. Kompyuta nayo haihesabu kama sisi tangu jua kuchomoza. 2 yake ni saa nane za usiku. Nilikuwa nalijua hilo, jamani! Nikaweka kifungu cha kuongeza 6, ipatikane 8. Kifungu nikakiita rekebisha. Kirekebishe nini? Siku ile nilikuwa najua.

Miezi mitano baadaye nikaingia kusafisha msimbo, yaani maandishi ya programu ile, nikakuta rekebisha(saa). Nikaitazama saa: 2. Saa mbili, vile vile alivyosema shangazi. Sasa cha kurekebishwa hapa ni kipi? Nikakifuta. Nikaijaribu programu, haikulalamika hata kidogo. Nikalala fofofo.

Simu ikalia. Shangazi, ananong'ona.

"Wee mwana, kuna mzee mlangoni, kashika hotipoti. Asema mimi nimemwita."

"Saa hizi?"

"Saa nane za usiku! Nimwite mimi, mjane wa watu! Na majirani washafungua madirisha."

Nilipofika, mzee alikuwa amekaa barazani na kikoi chake, ametulia kabisa, na wenzake watatu wenye mabakuli wamejipanga nyuma. Wa Likoni kapiga simu yuko ndani ya feri, awekewe kumi. Kinyunya chenyewe kingali karaini, kimefunikwa kanga, ndiyo kwanza kinaumuka. Shangazi kanitazama jicho la kunimeza, kisha akabandika karai la mafuta. Mgeni kashafika, utamrudisha na hotipoti tupu?

Nikafungua laptopu pale pale barazani, huku nikipigwa na harufu ya iliki. saa ikawa saa_ya_kiswahili. rekebisha ikarudi kwa jina la geuza_saa_ya_kiswahili_kuwa_ya_kompyuta, refu kama foleni ya feri. Mzee akachungulia, akasoma kwa sauti, akasema, "Ah, kumbe."

Kufikia adhana ya alfajiri karai lilikuwa tupu. Shangazi akahesabu pesa mara mbili.

"Hiyo ya usiku usiitupe," akasema. "Ramadhani ikiingia isogeze mbele kidogo."

Nimeihifadhi. Inaitwa meseji_ya_daku.