Kasa kwenye jarife: simu ya mvuvi inaokoa nusu ya hadithi

Mvuvi wa Watamu, pwani ya Kenya, akiopoa jarife lake (wavu mrefu wa kutega unaosimama majini kama ukuta) akamkuta kasa hai, ana mambo matatu ya kufanya. Amchinje, kwa kuwa nyama na mafuta yake bado vina wanunuzi wa siri. Amfungue amrudishe majini, yaishe. Au apige simu. Tangu 1998 shirika la Local Ocean Conservation hupokea simu hizo: watu wake huja, humpima kasa, humvisha kibati chenye namba kwenye pezi, humwachia, na mvuvi hupewa fidia ndogo kwa muda wake. Kasa walioachiwa hivyo wameshapita 20,000.

Wapo wasioupenda mpango huu. Wanasema ukimlipa mtu kwa kasa aliyenaswa, umempa sababu ya kumnasa mwingine. Hoja hiyo ingekuwa na uzito kama fidia ingekaribia bei ya nyama, lakini haikaribii. Kasa mkubwa anayepapatika huchana wavu, na wavu uliochanika ni siku nzima ya kushona badala ya kwenda baharini. Simjui mvuvi atakayetoboa jarife lake makusudi kwa ajili ya hela ya vocha.

Kinachonisumbua mimi ni ile 20,000 yenyewe. Ni hesabu ya walio hai. Kasa huvuta hewa kama sisi. Akiwa ametulia anaweza kukaa chini saa kadhaa, ila akinaswa akaanza kuhangaika pumzi humwishia upesi. Jarife hutegwa jioni likaopolewa alfajiri. Aliyenaswa saa mbili usiku atakutwa mzoga, na mzoga haupigiwi simu: kasa analindwa na sheria ya wanyamapori ya 2013, na nani ajitafutie kesi? Utatupwa kimyakimya.

Kwa meli zinazovua kamba wa kuliwa kwa nyavu za kukokota, jawabu lilipatikana zamani. Kichanja cha chuma huwekwa mshazari ndani ya wavu. Kamba hupenya, kasa hugonga chuma na kutokea kwenye mlango. Marekani ilianza kukilazimisha mwishoni mwa miaka ya 1980, na kikifungwa sawasawa huwatoa kasa 97 kati ya 100. Jarife halina pa kuweka mlango, maana lenyewe ni ukuta.

Ndiyo maana jaribio la Ghuba ya Sechura, Peru, linastahili kuangaliwa. Nyavu za kutega zilifungwa taa za kijani kwenye kamba ya juu. Kasa walionaswa walipungua kwa asilimia 64, samaki hawakupungua. Watafiti walikadiria kwamba kila kasa aliyeokolewa aligharimu dola 34. Katika jaribio jingine la Baja California, Mexico, matokeo yake yakitolewa 2022, nyavu zenye taa ziliopolewa haraka zaidi kwa kuwa viumbe wasiotakiwa wa kunasuliwa walikuwa wachache. Faida hiyo mvuvi anaielewa bila kuhubiriwa.

Lakini dola 34 atazitoa nani? Si mwenye dau. Wahifadhi wengine wanaona njia fupi ni kupiga jarife marufuku. Mvuvi naye anauliza: papa na nguru niwavue kwa kitu gani, mshipi? Mshipi unataka chambo na muda, na hauleti sawa na jarife. Juya, wavu wa kukokotwa hadi ufukweni, lilipigwa marufuku Kenya mwaka 2001 na bado linakokotwa. Kule Kisiwa Panza, Pemba, Machi 2024 nyama ya kasa iliua watu 9, wanane kati yao watoto, ingawa kumla kasa kumekatazwa miaka mingi. Katazo peke yake halijawahi kufika jikoni.

Mimi ningeacha simu iendelee, kwani imejenga uaminifu usiopatikana kwa doria. Halafu fedha za wafadhili ningezipeleka kwenye taa, nianze na majarife yanayolala majini usiku kucha. Na ningeomba jambo moja lisilogharimu chochote: mvuvi aruhusiwe kuripoti kasa aliyekufa bila kuulizwa maswali ya polisi. Hapo ndipo tutajua jarife lipi, kwenye mwamba upi, mwezi gani, ndilo linaloua, na taa za kwanza zifungwe wapi.