Sita na saba, na mimi nje ya mlango

Wiki yangu ya pili kazini, kwenye nyumba ya kutunzia wazee hapa London, msimamizi wetu alinipita koridoni amekumbatia rundo la shuka, akasema leo tuko "at sixes and sevens". Mimi nikadaka namba tu, sita na saba. Nikajua zamu imebadilishwa, tunaingia saa kumi na mbili badala ya saa moja. Kesho yake, Januari hiyo, giza totoro, nikasimama nje ya mlango uliofungwa saa nzima, vidole vimekufa ganzi hata simu haiguswi. Msimamizi alipofika na kusikia kilichonileta alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akanichemshia chai.

Kumbe alimaanisha mambo ni shaghalabaghala.

Ukiwauliza wa hapa msemo umetoka wapi, wengi watakupa kisa cha vyama viwili vya mafundi wa London, washona nguo na wauza manyoya. Vyote vilipata hati ya mfalme mwaka 1327, vikagombea nani atangulie kwenye maandamano ya jiji. Mwaka 1484 meya, Robert Billesden, akakata shauri: mwaka huu wewe wa sita yeye wa saba, mwakani mnabadilishana, na kila mwaka mkaribishane chakula. Mpaka leo wanafanya hivyo. Mimi nilipokisikia niliwaza Wangoni na Wahehe, waliochinjana karne ya 19 na leo ni watani.

Kisa kitamu, ila msemo ni mkongwe kukipita. Chaucer, mshairi wa Kiingereza wa zamani, aliutumia kwenye shairi miaka ya 1380, meya huyo hajazaliwa. Wataalamu wengi wanaegemea kwenye dadu: mcheza kamari aliyeweka mali yake yote kwenye namba kubwa, tano na sita kwa Kifaransa, na vinywa vya Waingereza vikazigeuza sita na saba. Dadu yenyewe haina saba, na labda ndiyo maana ikafaa kwa mtu aliyechanganyikiwa.

Kinachonikera ni namna fujo inavyosemwa hapa. Kwetu fujo ina kelele zake. Shaghalabaghala, hobelahobela, vurugu mechi: hata asiyejua Kiswahili atahisi masufuria yanaanguka. Basi likiharibika stendi ya Tanga, dakika tano nyingi, kila mtu anajua limekufa nini, konda kajificha wapi na nauli inarudishwa na nani. Siku ile ya shuka, wenzetu watatu hawakuja kazini, dawa za asubuhi zimechelewa, na mama wa watu anatamka kama anayesema kutanyesha. Foleni zao nazipenda, sitadanganya, na sijawahi kukanyagwa mguu nikipanda basi. Lakini mgeni ataijuaje hatari inayotangazwa kwa tabasamu? Ningepigiwa kelele ningeelewa siku hiyohiyo.

Sasa nimeshaambukizwa. Juzi mama mdogo kanipigia, akauliza hali ya huko, nami nimechoka, nikamjibu, "Mama mdogo, leo huku ni sita na saba tu."

Akanyamaza kidogo. "Haya, mchana huo. Umeshakula?"