Magoti ya Claudius

Watu wengi wanaoisoma Hamlet, tanzia aliyoiandika Shakespeare karibu mwaka 1600, humlaumu mwana huyo wa mfalme wa Denmaki kwa uoga. Eti anasitasita kulipiza kisasi cha baba yake. Mimi sikubali, na hoja yangu ni lile onyesho la sala katika tendo la tatu.

Claudius amemuua kaka yake, baba yake Hamlet, kwa sumu, akarithi taji na mjane. Hamlet ameambiwa hayo na mzuka wa baba yake, lakini hakuusadiki hivihivi. Alipanga waigizaji waonyeshe mauaji kama yale mbele ya ami yake, na mfalme akainuka ghafla akiitisha taa. Muda mfupi baadaye Hamlet anamkuta peke yake, amepiga magoti, mgongo wazi. Anachomoa upanga, kisha anaurudisha alani. Akimuua akiwa kwenye toba, anawaza, roho yake itakwenda mbinguni. Yeye anaitaka motoni.

Kila nikifika hapo mwili hunisisimka. Mwoga hafikiri hivyo. Haki ingetosheka na kumwadhibu muuaji, lakini Hamlet anataka kumpangia mtu ahera yake, kazi ambayo si ya binadamu. Na amedanganyika! Akishaondoka tu, Claudius anainuka na kukiri kwamba maneno yake yamepaa juu, mawazo yamebaki chini. Hakutubu. Angetubu vipi, na taji bado liko kichwani, malkia bado yuko chumbani?

Kutoka hapo Hamlet anakwenda kwa mama yake, anasikia sauti nyuma ya pazia, anachoma bila kutazama. Ni mzee Polonius, mshauri wa mfalme. Aliyemwona kwa macho yake alimwacha, asiyemwona ndiye aliyemuua, na sasa yeye naye ameua baba wa watu. Laertes, mwana wa marehemu, anaapa kwamba angemkata Hamlet koo hata kanisani. Ophelia, dada yake Laertes, anarukwa na akili na kufa maji. Huyo ndiye anayeniuma kuliko wote, maana hakumwaga damu ya mtu.

Fortinbras, mwana wa mfalme wa Norwe, naye baba yake aliuawa, na aliyemuua ni baba yake Hamlet. Alikatazwa kulipiza, akaacha. Anapita tu akirudi kutoka vitani Polandi, anakuta ukumbi umejaa maiti na kiti cha enzi hakina mtu.