Jengo la mahakama lipimwe kwa saa za kazi

Msongamano wa watu koridoni usiwe ndio kipimo cha ukubwa wa jengo la mahakama. Korido hufurika asubuhi kwa sababu mashauri yote yameitwa saa tatu. Ikifika saa saba, baadhi ya vyumba vya kusikilizia kesi viko tupu. Tatizo hilo hutibiwa kwa ratiba.

Anayepanga mahitaji ya miaka 20 ijayo aanzie masjala. Apate idadi ya mashauri yaliyofunguliwa kila mwaka kwa miaka 10 iliyopita, ayatenge kwa aina, kisha ajue kila aina hula saa ngapi za hakimu. Tuseme mashauri madogo ni 2,000, kila moja nusu saa: jumla saa 1,000. Mazito ni 300 tu, lakini kila moja huchukua saa 10: saa 3,000. Ikiwa hakimu mmoja husikiliza mashauri kwa saa 1,000 kwa mwaka, wanahitajika wanne, na watatu kati yao ni kwa ajili ya yale 300. Ukitumia jumla ya mafaili, au ongezeko la watu peke yake, hili hulioni kabisa. Makadirio yarudiwe kila miaka mitano, maana aina za kesi hubadilika.

Kinachonikera zaidi ni kuhesabu vyumba na kusahau njia. Umma, mahabusu na mahakimu, kila kundi linahitaji njia yake mpaka mlango wa chumba cha kesi. Zikichanganywa, shahidi hujikuta kwenye lifti moja na mshtakiwa anayekwenda kumtolea ushahidi. Korido, ngazi, kuta na vyoo vinaweza kuongeza nusu nzima juu ya eneo la vyumba vyenyewe. Bajeti isipoviweka, cha kwanza kukatwa huwa chumba cha mashahidi.

Wengine husema tujenge ofisi sasa, baadaye tuzigeuze vyumba vya kesi. Hazigeuki kirahisi: chumba cha kesi kinataka dari ya juu na eneo lisilo na nguzo katikati, ili hakimu, wakili na shahidi waonane. Kinyume chake ndicho kinachowezekana. Ghorofa yenye vipimo vya mahakama inaweza kutumika kama ofisi kwa miaka mingi, mradi ngazi na lifti ya mahabusu viachiwe nafasi tangu kwenye msingi.

Kusikiliza kesi kwa video hupunguza safari za mahabusu, lakini kunadai vyumba vidogo visivyopitisha sauti, wakili azungumze faragha na mteja aliye gerezani. Na mafaili ya karatasi yaliyokwishajaa rafuni bado yanahitaji pa kukaa; ni mazito, yawekwe ghorofa ya chini.