Kusoma eksoni za wengi au jenomu nzima za wachache?

Mwaka 2023 UK Biobank, hazina ya Uingereza yenye sampuli na taarifa za afya za watu wapatao 500,000, ilikamilisha kusoma jenomu nzima, yaani DNA yote, za karibu wachangiaji wake wote. Tangu hapo, anayetaja usomaji wa eksoni hujibiwa kwamba hiyo ni teknolojia ya jana. Kwa nini usome eksoni, sehemu zinazoandika protini, peke yake, asilimia 1 hadi 2 ya DNA, ilhali bei ya kusoma yote imeporomoka? Swali ni la haki. Tatizo ni kwamba huulizwa kana kwamba jibu la Cambridge lazima liwe ndilo la Kilifi, Kenya, na kana kwamba upungufu wetu mkubwa Afrika ni herufi za DNA kwa kila mtu, wakati upungufu wenyewe ni watu.

Tuanze na maabara, kwa sababu hoja nyingi za pande zote mbili zinatokana na kinachotendeka humo. DNA iliyotolewa kwenye damu hukatwakatwa kwa mawimbi ya sauti hadi vipande vya herufi 150 hadi 200, kisha kila kipande huungwa adapta, ncha fupi za DNA ambazo mashine huzitambua, pande zote mbili. Hapo hutiwa chambo: vipande vya RNA au DNA vya herufi kama 120, vilivyotengenezwa vifanane na eksoni na kufungwa biotini, molekuli ndogo ya kushikia. Mchanganyiko huachwa kwenye joto la nyuzi 65 hivi usiku kucha, chambo kikamate kinachofanana nacho. Chembe za sumaku zenye streptavidini, protini inayoshikana na biotini kwa nguvu, huivuta, mengine yote yanaoshwa, na kilichobaki huzidishwa kwa PCR, njia ya kurudufu DNA, na kuingizwa kwenye mashine ya kusomea.

Kuosha ndiko kunakoharibu kazi za wengi. Maji yakiwa ya baridi kidogo, vipande visivyohusika vinabaki na fedha inaishia kusoma takataka. Yakizidi joto, hata vilivyonaswa vinaachia. Eksoni ya kwanza ya jeni nyingi imejaa herufi G na C, ambazo hushikana kwa nguvu, hivyo hunaswa vibaya na PCR huikwepa. Ndiyo maana ripoti inayosema "wastani wa kina ni mara 100", yaani kila herufi imesomwa mara 100 kwa wastani, isikuridhishe. Uliza ni asilimia ngapi ya maeneo yaliyolengwa imesomwa angalau mara 20. Wastani wa 100 unaweza kuficha mamia ya eksoni zilizosomwa mara tatu au nne, na kwenye kina hicho mtu mwenye badiliko kwenye nakala moja kati ya mbili za jeni huweza kuonekana hana badiliko lolote.

Sasa hesabu ya gharama. Eksoni zote ni kama herufi milioni 35. Ukizisoma mara 100 ni herufi bilioni 3.5, na kwa kuwa asilimia 60 hivi tu ya kinachosomwa hutua mahali palipolengwa, mashine italazimika kutoa kama bilioni 6. Jenomu nzima ya herufi bilioni 3.1, ikisomwa mara 30, ni bilioni 93. Kwa kazi ya mashine pekee, mtu mmoja wa jenomu nzima ni sawa na watu 15 wa eksoni. Uwiano wa fedha ni mdogo kuliko huo kwa sababu chambo kina bei yake. Lakini diski hazina chambo: jenomu moja hula makumi ya gigabaiti, eksoni gigabaiti chache, na faili hizo hutunzwa kwa miaka.

Watu wengi wanaleta faida gani? Mradi wa ExAC, uliochapishwa mwaka 2016 chini ya Daniel MacArthur wa Taasisi ya Broad ya Marekani, ulikusanya eksoni za watu 60,706 na kukuta mabadiliko milioni 7.4, wastani wa moja kwa kila herufi nane. Takwimu inayofaa kutafakariwa, hata hivyo, ni nyingine. Kila mshiriki alikuwa na wastani wa mabadiliko 54 ambayo hifadhidata za kitabibu zilishayaorodhesha kuwa yanasababisha magonjwa. Hawa hawakuwa watu wenye magonjwa 54 kila mmoja. Kati ya hayo, kama 41 yalipatikana kwa zaidi ya asilimia 1 katika angalau kundi mojawapo la watu. Aleli, yaani toleo moja la jeni, ikiwa asilimia 1 ya nakala zote, maana yake ni kwamba mtu mmoja kati ya 50 anayo, kwa kuwa kila mtu ana nakala mbili. Kama kweli ingesababisha ugonjwa mzito unaohitaji nakala moja tu, ugonjwa huo ungejaa kila mtaa. Watafiti walichukua 192 ya mabadiliko hayo, yaliyokuwa ya kawaida kwa watu wa Asia ya Kusini au wenye asili ya Amerika ya Kilatini, wakarudi kwenye ushahidi wa awali. Yaliyosimama ni 9.

Makosa hayo hayakutokana na mashine mbovu. Mtafiti alimkuta mgonjwa mwenye badiliko, akatafuta miongoni mwa watu wenye afya wa asili ya Ulaya, asilione, akahitimisha kwamba ndilo chanzo. Waathirika ni wale ambao ndugu zao hawakuwa kwenye orodha ya kulinganishia. Mwaka huohuo wa 2016, Arjun Manrai na wenzake walionyesha hilo kwa ugonjwa wa kunenepa kwa misuli ya moyo. Wamarekani weusi walikuwa wamepewa majibu kwamba wana badiliko la hatari, kumbe ni badiliko la kawaida lisilo na madhara kwa watu wenye asili ya Afrika. Jibu la namna hiyo halimhusu mtu mmoja: ndugu na watoto hupimwa kwa badiliko lilelile, anayekutwa hana huambiwa yuko salama, na chanzo halisi hakitafutwi tena. Kilichowafumbua macho watafiti ni hifadhidata ya eksoni za Wamarekani wa makundi mbalimbali. Waliongeza kwamba hata kundi dogo la watu weusi wenye afya, lingekuwepo tangu mwanzo, pengine lingezuia kosa hilo.

Ndani ya ExAC wenye asili ya Afrika walikuwa 5,203, chini ya asilimia 9. Utafiti wa H3Africa, mpango wa utafiti wa jenomu za Waafrika, uliotoka mwaka 2020 ulisoma jenomu nzima za Waafrika 426 kutoka makundi 50 ya lugha na kabila, ukapata mabadiliko zaidi ya milioni 3 ambayo hayakuwa yamewahi kuandikwa. Ni kazi kubwa, hakuna anayeipunguza. Ila chukua aleli inayopatikana kwa kiwango cha 0.1%, yaani mtu mmoja kati ya 500. Katika nchi ya watu milioni 50 hao ni watu 100,000. Watu 426 wana nakala 852, na uwezekano wa kuikosa aleli hiyo kabisa ni asilimia 43 hivi, kama kurusha sarafu. Watu 5,000 wana nakala 10,000, na uwezekano wa kuikosa unakuwa karibu na sifuri. Swali la daktari aliyeshika ripoti ya mtoto ni moja: badiliko hili lipo kwa watu wazima wenye afya wa huku? Linajibiwa kwa idadi ya watu waliosomwa.

Eksoni zina faida nyingine isiyosemwa sana: zinasomeka. Tunajua herufi zipi zikibadilika zitaweka alama ya kukomea katikati ya protini, kwa hiyo tunaweza kukadiria mabadiliko mangapi ya kuvunja jeni yangetarajiwa, kisha tukahesabu yaliyopo. ExAC ilikuta jeni 3,230 ambazo karibu hazina hata moja, na asilimia 72 yake zilikuwa hazijahusishwa na ugonjwa wowote wa binadamu. Ukimya huo ni ushahidi kwamba wenye kuvunjikiwa jeni hizo hawafiki mbali. Nje ya eksoni hesabu ya aina hiyo ni ngumu zaidi, maana hatujui kwa uhakika herufi ipi inavunja nini.

Lakini hata kwenye eksoni, badiliko linaloonekana kuvunja jeni ndilo la kushukiwa kwanza. La kweli hupunguzwa na uteuzi wa asili, kosa la mashine halipunguzwi na chochote, hivyo katika kapu hilo makosa hurundikana. Mwaka 2012 MacArthur na wenzake walianza na mabadiliko 2,951 ya namna hiyo, na baada ya kuyachuja yakabaki 1,285. Mtu wa kawaida alibaki na kama 100, na jeni 20 hivi zilizozimika kabisa.

Wanaotetea jenomu nzima wana hoja ambayo hapa kwetu inauma. Badiliko linalowakinga Waafrika wengi dhidi ya malaria ya Plasmodium vivax, la kukosa Duffy, protini ambayo vimelea huitumia kuingia kwenye chembe nyekundu za damu, liko kwenye swichi ya jeni, nje ya sehemu inayoandika protini. Badiliko linalowawezesha wafugaji wengi wa Kenya na Tanzania kumeng'enya maziwa ukubwani, lililotangazwa na Sarah Tishkoff na wenzake mwaka 2007, liko takriban herufi 14,000 kabla ya jeni ya laktesi, kimeng'enya cha sukari ya maziwa, ndani ya introni (sehemu isiyoandika protini) ya jeni jirani. Utafiti wa eksoni ungeyapita yote mawili. Kuna pia alfa-thalasemia, hitilafu ya kurithi ya damu iliyo ya kawaida sana Pwani ya Kenya, ambamo herufi 3,700 hivi zimepotea kati ya jeni mbili zinazofanana mno hata vipande vifupi vinavyosomwa na mashine havijui virudi wapi. Utafiti wa Uganda wa mwaka 2019 uliihusisha na HbA1c, kipimo cha damu kinachotumika kwa kisukari. Jenomu nzima huiona vizuri zaidi, ingawa nayo kwa vipande vifupi hubabaika.

Upande wa pili wa mizani, uchambuzi wa mwaka 2024 wa data ya UK Biobank ya watu wapatao 150,000 ulilinganisha jenomu nzima na eksoni zilizojazwa mapengo kwa makadirio ya takwimu. Jenomu nzima ilileta mabadiliko mara tano zaidi, lakini uhusiano na magonjwa na sifa za mwili uliogunduliwa ulitofautiana kwa asilimia 1 tu. Watu wa eksoni walipoongezwa mara tatu, ugunduzi uliongezeka kama mara nne. Waliofanya kazi hiyo wengi wao ni wa Regeneron, kampuni iliyosoma eksoni hizo, basi isomwe kwa jicho hilo. Na makadirio hayo hutegemea jenomu nzima za watu wa asili ileile. Kwa Waingereza zipo tele. Kwa Mmakonde au Mluo ni chache, na makadirio yatakuwa dhaifu.

Kwa hiyo jenomu nzima za kina zinahitajika, kwa mamia kadhaa toka kila eneo, ziwe msingi wa makadirio. Kwa maelfu wengine, njia ya mseto iliyobuniwa Broad inastahili bajeti: jenomu nzima inasomwa kijuujuu, mara 1 hadi 4, na eksoni mara 30 hadi 40. Kwenye mradi kama huo jambo la kulinda ni chambo. DNA ya wagonjwa ikinaswa kwa chambo cha kampuni moja na ya wenye afya kwa cha nyingine, jeni zitaonekana kutofautiana kumbe zilizotofautiana ni chambo. Ukishavichanganya vyambo hivyo, dawa ni kubakiza tu maeneo ambayo vyote viwili vimeyasoma vizuri, na kupoteza mengine.

Hesabu hii haitadumu milele. Bei ya mashine inashuka, bei ya chambo na mikono ya maabara haishuki kwa kasi hiyo. Siku kunasa eksoni za mtu mmoja kutakapogharimu sawa na kusoma herufi bilioni 87 zilizobaki na kuzihifadhi kwa miaka kumi, chambo kitakuwa hakina kazi. Mwenye kuandika bajeti leo aombe bei hizo tatu, ya kunasa, ya kusoma na ya kuhifadhi, kwa maandishi, pamoja na ushuru na usafiri wa barafu hadi maabara yake, kisha apige hesabu kwa idadi ya watu atakaowapata.