Viini Kumi na Sita, Faili Moja

Nishikeni jamani, la sivyo hela itanitoka. Kuna likompyuta la mtumba nimeonyeshwa, lile lijimnara la wahandisi na watengeneza katuni, na tangu juzi silali. Muuzaji alisema sentensi moja tu: "Bosi, humu mna Xeon mbili." Sikujua Xeon ni nini. Nikatikisa kichwa kama mtu aliyezaliwa nayo chumba kimoja.

Usiku nikachimba. Kumbe Xeon ni prosesa, ubongo wa kompyuta, ya Intel kwa mashine za kazi nzito. Hii ni E5-2670, ya mwaka 2012. Moja ina viini 8, yaani vibarua wanane ndani yake, mbili zinafika 16, na kila kiini kinashika kazi mbili kwa mpigo. Thelathini na mbili! Mimi zikizidi tatu nasahau ya kwanza. Na kazi zangu mnazijua: kuandika barua, kujumlisha madeni, kutazama video za watu wanaotengeneza vitu ambavyo sitavitengeneza. Barua haihitaji viini 16. Kimoja kitachimba, 15 vitaegemea majembe vikimtazama mwenzao. Tena hicho kinachochimba ni kizee. Kompyuta mpakato mpya ya kawaida tu inakiacha mbali.

Lakini RAM, ile kumbukumbu ya kufanyia kazi, wandugu. GB 64, aina ya ECC, ambayo biti moja ikigeuka kimakosa inaigundua na kuirekebisha yenyewe, kimya kimya. Nyumbani kwangu anayenirekebisha yupo, ila si kimya kimya. Hapo moyo ulilainika kabisa. Baadaye ndipo nikagundua kwamba ni DDR3, RAM ya kizazi cha zamani: siku bodi ikifa, RAM hiyo haiingii kwenye mashine mpya. Nitabaki na GB 64 za kuwekea kumbukumbu za marehemu.

Nikarudi na maswali. Kadi ya picha ipo? "Hiyo utaweka mwenyewe, bosi." Kumbe hizi Xeon hazina uwezo wa kutoa picha zenyewe; bila kadi, skrini inakaa giza tupu huku feni zikiunguruma kama trekta. Pawasaplai, kile kifaa kinacholisha mashine umeme, ikiungua? Umbo lake na plagi zake ni za kwake peke yake, kwa hiyo utamsaka pacha wake, si yoyote utakayoikuta. Diski ya NVMe, zile za kasi za siku hizi? Kwa adapta itaingia, lakini BIOS za umri ule (programu ya kuwashia mashine) kwa kawaida hazikubali kuwaka kutoka humo. Basi SSD ya SATA, ya mtindo wa zamani. Umeme? Kila prosesa imewekewa wati 115, mbili ni 230, na kadi ya picha bado haijala. Mimi ambaye nazima taa ya ukumbini mchana!

Halafu Windows. Ile ya 10 Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025, na ya 11 inadai TPM 2.0, chipu ya usalama, pamoja na prosesa iliyomo kwenye orodha yao. Ya 2012 haimo. Imebaki Linux, mfumo wa bure unaoshika nafasi ya Windows, ambao hauulizi umri.

Mke wangu akauliza, kwa upole ule ninaouogopa: "Baba watoto, litafanya nini ambacho hili letu halifanyi?"

"Litarenda."

"Litarenda nini?"

Nikaenda kunywa maji.

Nisiwe mnafiki, mwenye kazi ya kurenda kweli, yaani kuifanya kompyuta ikokotoe michoro iwe picha au video kamili, au anayewasha kompyuta pepe tano ndani ya moja, huyo hapotei njia. Ila asome herufi ndogo mwishoni mwa jina la prosesa. Bila v ni hii yangu ya 2012, v2 ni ya 2013, v3 ya 2014, v4 ya 2016. Kuanzia v3 unapata DDR4, RAM ya kizazi kinachofuata, na AVX2, amri za ziada za hesabu ndani ya prosesa, na kuna programu siku hizi zikikosa AVX2 hazifunguki, hata uzibembeleze. Kwa v3 ningekuwa nimeshalipa, na ndoa ningeizungumzia baadaye.

Basi leo asubuhi nimempigia muuzaji nimwambie hapana. Nilikuwa nimejipanga, nimeisema mbele ya kioo mara mbili. Kabla sijafungua mdomo akasema, "Bosi, nakuongezea RAM ifike 128."

Nimemwomba anipe mpaka kesho. Mama watoto kanikuta chini ya meza na futi kamba, nimemwambia natafuta kalamu.